Anayeumwa ni Mama: Maradhi ya Mzazi na Swali la Maziwa

Kati ya mwaka 1992 na 1998, watafiti jijini Nairobi wakiongozwa na Ruth Nduati waliandikisha wajawazito 425 wenye maambukizi ya VVU na kuwagawa kwa bahati nasibu: nusu wanyonyeshe, nusu watumie maziwa ya kopo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Katika kundi la kunyonya, watoto walioambukizwa walifikia asilimia 36.7 hadi umri wa miaka miwili. Katika kundi la kopo, asilimia 20.5. Vifo vya watoto, hata hivyo, havikutofautiana sana baina ya makundi hayo mawili. Makala hayo yalisomwa na kujadiliwa kila mahali palipokuwa na sera ya VVU na watoto. Mwaka uliofuata, watafiti hao hao walitoa hesabu nyingine kutoka kwa wanawake wale wale, safari hii ya vifo vya akina mama wenyewe. Asilimia 10.5 ya walionyonyesha walikuwa wamefariki ndani ya miaka miwili, dhidi ya asilimia 3.8 ya wenzao. Tafiti nyingine, mojawapo ya Durban, hazikuiona tofauti hiyo, na Shirika la Afya Duniani (WHO) halikubadili ushauri wake.

Sitaki kulifufua jambo hilo la takwimu. Kinachonishughulisha ni mpangilio wake: mtoto alihesabiwa kwanza, mama akaja baadaye. Na hao wa Nairobi wanastahili pongezi, maana wao angalau walimhesabu. Kwingi kwingine, mwanamke anayenyonyesha akiugua, swali linaloulizwa nyumbani, dukani na zahanatini ni moja: je, maziwa yake yatamdhuru mtoto? Ni swali halali. Tatizo ni kwamba likishajibiwa, mazungumzo huisha, na mwanamke mwenye homa hubaki na homa yake. Hoja yangu ni kwamba swali hili limewekwa mahali pasipo pake. Katika maradhi mengi yanayompata mzazi, kumkinga mtoto na kumtibu mama ni kazi moja, na kila tulipozitenganisha kazi hizo tumewaumiza wote wawili.

Tuanzie dukani, kwa kuwa wengi huanzia huko. Tanzania ina maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuchukua nafasi ya yale yaliyoitwa maduka ya dawa baridi. Kwa mzazi wa kijijini au wa pembezoni mwa mji, muuzaji wa duka hilo mara nyingi ndiye mtaalamu wa kwanza kumwona. Akisikia mteja ananyonyesha, huingiwa na hofu inayoeleweka: humpa nusu ya dozi, au humpa dozi kamili na kumwambia asimnyonyeshe mtoto hadi amalize vidonge. Ushauri wa kwanza huacha ugonjwa bila kutibiwa. Wa pili hukausha maziwa kwa mama ambaye huenda hana fedha ya kopo la pili.

Hofu hiyo haina msingi mkubwa kama inavyodhaniwa. Dawa hufika katika maziwa kwa kupitia damu ya mama, na sehemu inayovuka huwa ndogo kwa dawa nyingi, hasa zile zinazoshikamana na protini za damu au zenye molekuli kubwa. Wafamasia hulinganisha kiasi anachopata mtoto kwa kila kilo ya uzito wake na kiasi alichomeza mama kwa kila kilo ya uzito wake. Kikiwa chini ya asilimia 10, dawa hiyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa inakubalika. Parasetamoli imo humo. Ibuprofeni imo, amoksilini imo. Dawa mseto ya malaria hupewa mama anayenyonyesha bila kumwachisha mtoto. Dawa za kifua kikuu nazo huvuka kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho hakiwezi hata kumkinga mtoto; ndiyo maana mtoto wa mama mwenye kifua kikuu cha kuambukiza hupewa dawa yake mwenyewe ya kinga, huku akiendelea kunyonya. Zipo dawa za kukataza kweli, na orodha yake ni fupi: za kutibu saratani kwa kemikali, madini ya iodini yenye mionzi, na chache nyingine. Kodeini na tramadoli zimewekewa tahadhari. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri mwaka 2017 zisitumiwe na wanaonyonyesha, kwa kuwa baadhi ya miili huzigeuza haraka mno na mtoto anaweza kupumua kwa shida.

Kwa nini basi karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa huandikwa kana kwamba kila kidonge ni hatari kwa anayenyonyesha? Kwa sababu mtengenezaji huandika kwa kujikinga na kesi. Hakuipima dawa hiyo kwa wanawake wanaonyonyesha, na asipoipima ni salama zaidi kwake kusema isitumike. Ukosefu huo wa vipimo una historia. Baada ya maafa ya thalidomaidi, dawa iliyolemaza watoto wakiwa tumboni, Marekani ilitoa mwongozo mwaka 1977 uliowaweka wanawake wanaoweza kupata mimba nje ya hatua za awali za majaribio ya dawa, na mwongozo huo uliondolewa mwaka 1993 tu. Nia ilikuwa kulinda kizazi kijacho. Gharama yake ilikuwa kwamba mwanamke wa sasa alinyimwa maarifa juu ya dawa anazozihitaji, na muuzaji wa duka katika kata ya mbali anaendelea kurithi ukimya huo.

Hoja ya kibiolojia nayo ni nzito kuliko inavyoelezwa kliniki. Mama anapoanza kukohoa au kuharisha, mtoto amekwisha kulala naye usiku kadhaa, amepumua hewa yake na kushikwa kwa mikono yake. Vimelea vimemfikia tayari. Kitu ambacho bado kinamjia ni kingamwili ambazo mwili wa mama umetengeneza dhidi ya vimelea hivyo hivyo, na njia ambayo zinapitia ni maziwa. Ukimwondoa titini wakati huo, unamwachia ugonjwa na kumpokonya kinga. Ndiyo sababu wakati wa UVIKO-19, mwaka 2020, WHO ilishauri mama avae barakoa, anawe mikono na aendelee kunyonyesha, ingawa hospitali kadhaa duniani zilikuwa zimeanza kuwatenganisha.

Hali ni tofauti kidogo pale kinachougua ni titi lenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo swali la maziwa linapofanya madhara yake waziwazi.

Titi kuvimba kwa maambukizi hutokea zaidi katika wiki ya pili na ya tatu baada ya kujifungua. Huanza na sehemu moja ngumu, ya moto, inayouma ikiguswa. Vitabu vinaeleza wekundu, lakini katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Kinachoonekana ni ngozi kung'aa na kuvutika. Kisha huja homa ya ghafla, maumivu ya viungo na baridi inayotetemesha, kiasi kwamba palipo na malaria mtu hudhani ni malaria. Chanzo mara nyingi ni maziwa kutotoka vizuri: mtoto hakushika titi sawasawa, chuchu imechanika, au mtoto ameruka milo kadhaa. Bakteria, hasa stafilokokasi wanaoishi kwenye ngozi na puani, hupata mlango.

Sasa sikiliza kinachosemwa nyumbani. Maziwa ya titi hilo yameharibika, yakamuliwe na kumwagwa, mtoto anyonye upande wa pili. Anayesema hivyo ni bibi mwenye nia njema, na hoja yake ni ya kumlinda mjukuu. Matokeo yake ni kwamba titi linalougua hubaki limejaa, shinikizo huongezeka, na uvimbe ambao ungetulia kwa siku mbili hugeuka jipu linalohitaji kutobolewa au kupasuliwa. Mtoto hakuwa hatarini. Maziwa ya titi lililovimba hayamdhuru mtoto mchanga aliyezaliwa akiwa na afya, na WHO ilikwisha kuandika hivyo katika mapitio yake ya mwaka 2000. Aliyekuwa hatarini ni mama, naye ndiye aliyepata jipu.

Wataalamu nao hawana haki ya kumcheka bibi. Kwa miaka mingi ushauri wa hospitali ulikuwa kukanda titi kwa nguvu, kulichua kuelekea kwenye chuchu, kuweka kitambaa cha maji ya moto na kukamua hadi liwe tupu. Mwaka 2022 chama cha madaktari kiitwacho Academy of Breastfeeding Medicine kilitoa mwongozo uliogeuza sehemu kubwa ya hayo. Maelezo yake ni kwamba uvimbe hubana mirija kutoka nje. Kuchua kwa nguvu huumiza tishu na kuzidisha uvimbe, na kukamua kupita kiasi huuambia mwili utengeneze maziwa mengi zaidi. Kinachoshauriwa sasa ni mtoto anyonye kama kawaida yake, bila kuzidishiwa wala kupunguziwa. Kitambaa cha maji baridi. Ibuprofeni ya kutuliza uvimbe na maumivu. Na antibayotiki ikiwa hali haijapata nafuu baada ya siku moja hivi au ikiwa mama anazidiwa. Wapo washauri wa unyonyeshaji wanaoona mwongozo huo umekwenda mbali mno, na mjadala haujaisha. Mimi naona una jambo moja la kuusifu bila kusita: unamtaja mama kama mgonjwa mwenye maumivu yanayostahili dawa. Miongozo ya zamani ilimtibu kana kwamba ni chombo kilichoziba.

Lipo kosa jingine la ndani ya nyumba ambalo halihusu titi ila hujificha nyuma yake. Siku ya tatu au ya nne maziwa yanapojaa, mwili wa mzazi unaweza kupata joto kidogo, na watu husema ni homa ya maziwa. Joto dogo linalopita ndani ya siku moja laweza kuwa hilo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, yenye maumivu ya tumbo la chini na damu ya uzazi inayonuka, ni kitu kingine kabisa: ni maambukizi ya mfuko wa uzazi, ambayo pamoja na kutoka damu nyingi na shinikizo la damu yamo miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo vya wazazi. Ni ugonjwa ule ule ambao daktari Semmelweis aliupunguza Vienna mwaka 1847 kwa kuwaamuru madaktari wanawe mikono. Kuuita homa ya maziwa ni kuupa saa ambazo mgonjwa hana.

Turudi kwenye VVU, maana hakuna mahali palipoonyesha vizuri zaidi gharama ya kutenganisha kazi mbili nilizozitaja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ushauri wa kimataifa ulikuwa kwamba mama mwenye VVU aepuke kunyonyesha pale ambapo maziwa mbadala yanakubalika, yanawezekana, yanamudika, ni endelevu na ni salama. Masharti matano kwenye karatasi. Katika nyumba isiyo na maji ya bomba, ni mtihani ambao karibu kila mtu angeufeli. Botswana, nchi yenye uwezo kuliko nyingi za Afrika, iligawa maziwa ya kopo bure. Mapema mwaka 2006, baada ya mvua kubwa na mafuriko, mlipuko wa kuhara ulilaza na kuua watoto kwa mamia, na waliokuwa hawanyonyi ndio walioathirika zaidi. Upande wa pili wa mizani walikuwapo waliosema mama anyonyeshe tu na tukubali watoto kadhaa wataambukizwa. Kambi zote mbili zilibishana juu ya maziwa. Mwili ulioyatoa maziwa hayo, wenye virusi vinavyoendelea kuzaana, haukuwa ajenda.

Kilichovunja mkwamo huo kilikuwa kumtibu mama. Dar es Salaam, utafiti wa Mitra Plus ulioongozwa na Charles Kilewo uliwapa wanawake dawa tatu za kufubaza virusi kuanzia mwishoni mwa ujauzito hadi miezi sita ya kunyonyesha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha maambukizi ya takriban asilimia 5 tu ya watoto kufikia miezi sita, mengi yakiwa yametokea kabla au wakati wa kuzaliwa. Mwaka 2010 WHO ilikubali mama anyonyeshe hadi miezi 12 akiwa kwenye dawa au mtoto akiwa kwenye kinga, na mwaka 2016 ikafikisha miezi 24. Lakini hata katika mpango ule wa 2010, mama ambaye kinga yake haikuwa imeshuka aliweza kupewa dawa wakati wa kunyonyesha kisha zikasimamishwa mtoto akiachishwa. Yaani alitibiwa kwa muda aliokuwa na faida kwa mwingine. Malawi ndiyo iliyokataa, mwaka 2011, na kuamua kila mjamzito mwenye VVU aanze dawa na aendelee maisha yake yote. Tanzania ikafuata mwaka 2013. Tusiipambe sana historia: Malawi ilifanya hivyo kwa sehemu kubwa kwa kuwa haikuwa na mashine za kutosha za kupima kinga ya kila mama. Umaskini wa maabara uliwafikisha watu mahali ambapo kanuni za maadili zilipaswa kuwa zimewafikisha mapema.

Mila zetu zimesimama wapi katika haya? Arobaini, yaani siku za mapumziko baada ya kujifungua, ni taasisi ninayoiheshimu. Kwa siku hizo mzazi hapiki wala hachoti maji. Anapewa uji, mtori au supu, anakandwa, na kuna mwanamke mwenye umri aliye karibu naye usiku. Hakuna sheria ya kazi Afrika Mashariki iliyowahi kumweka mzazi katikati ya nyumba kiasi hicho. Mjini taasisi hiyo imekatika. Mama mkwe yuko Tanga, mume yuko kazini, na anayebaki ni dada wa kazi wa miaka kumi na saba. Lakini arobaini pia humfungia mzazi ndani wiki zile zile ambazo maambukizi, kifafa cha baada ya kujifungua na sonona hujitokeza, na huruma ya nyumbani yaweza kuchelewesha gari. Isitoshe, mila hiyo ina upande wa kushtaki. Mara Mabilia, aliyeandika juu ya wanawake wa Kigogo mwaka 2005, ameonyesha jinsi udhaifu wa mtoto anayenyonya unavyosomwa kama ushahidi wa mwenendo wa mama kitandani. Pwani na bara tunalijua kwa jina la kubemenda. Mama aliyedhoofika kwa ugonjwa, na mtoto wake asiongezeke uzito, hujikuta akijitetea badala ya kutibiwa, na wengine huamua kunyamaza juu ya ugonjwa ili wasiulizwe mengine.

Msomaji makini atasema kwamba yapo maradhi ambayo kweli yanamtaka mama aache. Yapo. Ebola ni moja. Virusi vyake vimepatikana katika maziwa, na mama anayeshukiwa kuwa nayo hutenganishwa na mtoto. Katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, hilo lilifanyika Beni na Butembo. Hata hivyo halikuishia kwenye amri. UNICEF ilijenga vitalu vya watoto kando ya vituo vya matibabu. Walioajiriwa kuwabeba na kuwalisha watoto hao walikuwa wanawake waliopona Ebola, ambao miili yao ilikuwa na kinga. Kulikuwa na maziwa yaliyo tayari kunywewa, na mama aliyekuwa akitibiwa angeweza kumwona mwanawe kwa kioo. Hivyo ndivyo amri ya kuacha kunyonyesha inavyotakiwa kuwa: mahali, chakula, watu. Mhudumu anayemwambia mama kwenye benchi la zahanati “mwachishe kwanza” anatoa amri ile ile bila hata kimoja cha vitu hivyo.

Na yupo mama ambaye hana Ebola ila hawezi tu. Amepasuliwa, kidonda kimeharibika, amelala saa mbili kati ya ishirini na nne, au ameingiwa na sonona kiasi kwamba kilio cha mtoto kinamtisha. Watetezi wa unyonyeshaji, na mimi ni mmoja wao, huwa wakali kwa mwanamke huyu. Aya ya 233 ya Suratul Baqara husomwa sana Pwani kwa ajili ya ile miaka miwili kamili. Aya hiyo hiyo inaruhusu wazazi kumwachisha mtoto kwa kuridhiana na kushauriana, inaruhusu mwanamke mwingine amnyonyeshe, na inakataza mama kupata madhara kwa sababu ya mwanawe. Sehemu hizo tatu zinastahili sauti ile ile. Nairobi, hospitali ya uzazi ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ingawa kwa Waislamu benki ya namna hiyo huleta swali la ndugu wa kunyonya linalohitaji kumbukumbu safi za nani alimpa nani. Sonona nayo ina dawa zinazokubalika kwa anayenyonyesha, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlazimisha achague kati ya akili yake na maziwa yake.

Sheria zetu zinarudia mgawanyo ule ule. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mzazi siku 84 za likizo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha akirudi kazini. Likizo ya ugonjwa imo katika kifungu kingine: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu zikiwa za malipo kamili. Mwanamke ni mzazi katika kifungu kimoja na mgonjwa katika kingine. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 2000, ibara ya 5, unaunganisha mambo hayo kwa kutaka likizo ya nyongeza, kwa cheti cha daktari, ikiwa ugonjwa unatokana na ujauzito au uzazi. Na bado ni wachache watakaoguswa na kifungu chochote, kwa kuwa wengi wako shambani, gengeni au kwenye mama ntilie.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia, naona, ni kliniki ya wiki ya sita, ambako karibu kila mtu huenda kwa ajili ya chanjo ya pentavalenti. Mtoto huvuliwa nguo, hutundikwa kwenye mizani, uzito huandikwa kwenye kadi yake, huchomwa sindano, hupangiwa wiki ya kumi. Mama ndiye aliyembeba hadi pale, na mara nyingi kadi yake mwenyewe ameiacha nyumbani. Kumpima joto na presha, kumuuliza kama titi linauma, kama damu imekatika, kama analala na kama amewahi kuogopa kubaki peke yake na mtoto, hakuhitaji kifaa ambacho kliniki ya wajawazito haina. Muuguzi atasema foleni ni ndefu, na anasema kweli. Ila anaposema hivyo ajue kwamba wiki sita ni tayari kuchelewa kwa maambukizi mengi niliyoyataja. WHO inataka mama aonwe pia ndani ya saa 24, kati ya saa 48 na 72, na tena kati ya siku ya 7 na ya 14. Mahudhurio hayo matatu ya mwanzo hayana kivutio kama chanjo ya wiki ya sita, na kwa hiyo mtu wa kuyafanya ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa miguu, akiwa na kipimajoto mfukoni na posho inayolipwa kwa wakati.